Mshipa umepasuka, mbona baba anatembea?

"Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 71, ni mstaafu wa bandari ya Tanga, na amevuta sigara tangu ujana hadi mwaka juzi. Miezi mitatu iliyopita alishikwa na maumivu makali ya mgongo na ubavu wa kushoto, akaanguka chooni, kisha akazinduka mwenyewe. Hospitali wakasema ni UTI, wakampa ciprofloxacin, maumivu yakapoa. Yaliporudi tukaambiwa ni mawe kwenye figo. Baadaye paja la kushoto likaanza kufa ganzi na goti likawa linamwishia nguvu. Eksirei ikaonyesha pingili mbili za mgongo zimelika, ultrasaundi ikaonyesha kama majimaji kwenye msuli wa ndani, wakasema ni TB ya mgongo na wakapanga kuvuta usaha kwa sindano. Daktari mmoja kijana akagoma, akasema kwanza CT, ile picha ya mwili ya tabaka kwa tabaka. Tukaja Dar. Majibu ya CT: aota ya tumboni, yaani mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, imetanuka hadi sentimita 6.8 na ina mpasuko uliozibwa. Wanataka kumfanyia upasuaji haraka. Lakini sasa baba hana maumivu, presha ni 130 kwa 80, anakula, anatembea mwenyewe kwenda msikitini. Yuko kwa baba mdogo Mbagala na anasema hapasuliwi. Baba mdogo anasema mshipa ungekuwa umepasuka kweli, angekufa siku ile chooni. Shangazi ameleta mtu wa kumpiga chuku na kumkanda. Je, mshipa unaweza kuwa umejifunga wenyewe? Hakuna dawa? Tunaweza kusubiri harusi ya mdogo wetu mwezi ujao, na kiwanja kikiuzwa tupate hela? Na huo upasuaji wa kupitia mapajani, bila kufungua tumbo, ndio bora?"

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, na kabla sijaingia kliniki nilikujibu kwa mstari mmoja: mrudisheni hospitali leo, msingoje maelezo. Maelezo ndiyo haya. Nayaandika kwako, lakini zaidi kwa baba mdogo, kwa sababu naona nyumba yenu inamsikiliza yeye.

Swali lake ndilo zuri kuliko yote, na nusu yake ni kweli. Aota ikipasukia mbele, upande unaotazamana na matumbo, damu humwagika kwenye uwazi ambao hauna kitu cha kuizuia, na mtu hufariki kabla gari halijapatikana. Lakini aota haielei katikati ya tumbo. Imelazwa nyuma kabisa, juu ya uti wa mgongo, nyuma ya utando unaofunika matumbo, na pembeni yake kuna mafuta na misuli minene. Mara nyingi hupasukia huko nyuma, hasa nyuma kushoto. Damu inayotoka inakuta mahali pembamba palipobana. Presha inashuka ghafla, mgonjwa anazimia, na kule kushuka kwa presha ndiko kunakomwokoa: damu inapoteza kasi, inaganda, na bonge linabanwa kati ya mshipa, msuli na mfupa. Tundu linazibwa. Mgonjwa anafumbua macho yuko sakafuni chooni, anashangaa ameangukaje.

Baba yako amekaa bandarini, anajua kalafati. Jahazi likivuja, fundi hupachika pamba iliyolowa mafuta kwenye mwanya na kuigongelea mpaka ikae. Bonge la damu lililoko tumboni mwake ni kalafati ambayo hakuna fundi aliyeigongelea. Imejishika tu. Na mawimbi ya chombo hiki yako upande wa ndani, yanapiga mara 70 au 80 kila dakika, usiku na mchana, hata akilala.

Kwa hiyo neno "uliozibwa" kwenye majibu ya CT halina maana ya "uliopona". Lina maana kwamba ukuta wa mshipa una tundu, na kinachozuia damu sasa si ukuta tena bali majirani wake.

Turudi nyuma kidogo ili muelewe mshipa ulifikaje hapo. Aota ya kawaida tumboni ina upana wa kama sentimita 2. Ikifika 3 tunaiita aneurizimu, yaani mshipa uliotuna. Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi za aina mbili, zile zinazovutika na kurudi kama raba, na zile ngumu zinazoshikilia umbo. Umri huzichosha, lakini sigara huzila. Kati ya mambo yote ambayo mtu anaweza kuyaepuka, hakuna linalokaribia sigara kwa ugonjwa huu. Wanaume hupata zaidi kuliko wanawake, hasa kuanzia miaka 65, na huenda kwa damu katika familia. Ukuta ukishalegea, fizikia inafanya yaliyobaki. Mmewahi kuona tyubu ya baiskeli ikichomoza kwenye tairi lililochanika? Pale ilipotuna ndipo inapozidi kutuna, kwa sababu kwa presha ile ile, mshipa mpana unabeba mvutano mkubwa zaidi ukutani kuliko mwembamba. Ndiyo maana hatukimbilii kupasua kila aneurizimu. Ya sentimita 4 tunaifuatilia kwa ultrasaundi, na majaribio makubwa ya Uingereza na Marekani yalionyesha kwamba kuifuatilia hadi 5.5 kwa mwanaume ni salama. Kwa mwanamke tunaanza kufikiria upasuaji mapema kidogo, kwenye 5. Hayo ni ya mtu asiye na maumivu. Ya baba ni 6.8, na imeshapasuka. Kwake mjadala wa vipimo umekwisha.

Sasa hiyo miezi mitatu. Nimeisoma hadithi yako mara mbili, na kila kipande chake kinaingia mahali pake.

Maumivu ya ubavu wa kushoto yanayoshuka kuelekea kinenani yanafanana mno na mawe ya figo, na hilo ndilo kosa linalofanywa zaidi duniani kote kwa ugonjwa huu, si Tanga peke yake. Vitabu vinatufundisha alama tatu: maumivu, presha kushuka, na uvimbe unaodunda tumboni. Wagonjwa wenye zote tatu hawafiki nusu. Mwanzoni mwa kazi yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimwandikia mzee mmoja mvutaji diclofenac, dawa ya maumivu, kwa ajili ya "mawe", nikamruhusu arudi nyumbani. Jioni alirudishwa, na hakuwa wa kuokolewa tena. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: mwanaume aliyepita miaka 60 anayeumwa ubavu au mgongo kwa mara ya kwanza maishani hatoki mlangoni kwangu kabla sijaiona aota yake kwa ultrasaundi. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu ciprofloxacin, ile antibiotiki, sitasema ndiyo iliyompasua. Ila mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Desemba 2018 kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka kwa watu ambao tayari wana mshipa uliotuna. Tangu sasa, popote atakapotibiwa, semeni hivyo mapema apewe dawa nyingine.

Ganzi ya paja na goti kukosa nguvu: damu iliyotoka nyuma ya mshipa huingia kwenye msuli mnene unaoshuka kutoka kiunoni hadi pajani, msuli tunaouita soasi. Ndani ya msuli huo unapita mshipa wa fahamu wa paja. Bonge likiubana, paja linakufa ganzi na goti linakunja lenyewe mtu akishuka ngazi. Na pingili zilizolika zinaeleza zaidi kuliko yote, kwamba jambo hili si la jana. Mfupa hauliwi kwa siku mbili. Kitu kinachodunda kimekaa juu yake wiki kwa wiki kikiusaga taratibu, kama kamba ya kisima inavyokata jiwe.

Hapa ndipo TB ilipoingia, na siwalaumu sana waliofikiria hivyo. Kwetu mgongo ulioliwa na majimaji kwenye soasi, tisa kati ya kumi mtu atasema kifua kikuu cha mifupa na jipu lake. Ukiangalia kwa makini kuna tofauti. Aneurizimu hula upande wa mbele wa pingili na kuacha zile diski za kati zikiwa nzima, kwa sababu diski inavutika na mfupa hauvutiki. TB ikikaa muda huwa inaharibu na diski. Lakini tofauti hiyo ni ya mtu aliyekaa na picha kwa utulivu. Mtu wa zamu ya usiku ataona "jipu" na kuchukua sindano. Mwanangu, yule daktari kijana aliyegoma, mtafuteni siku moja mumshukuru. Sindano nene ikiingia kwenye lile "jipu" ingekuwa inachomoa kalafati.

Ila niwe mkweli: maambukizi hayajaondolewa kabisa kwenye orodha. Bakteria wanaweza kuingia kwenye ukuta wa aota na kuutoboa, salmonela ni mmoja wao, na TB yenyewe huweza kutoka kwenye pingili ikavamia mshipa. Wenye virusi vya Ukimwi nao hupata aneurizimu wakiwa na umri mdogo kuliko wazee wa Ulaya wanaoandikwa vitabuni. Kwa hiyo msishangae wakimpima VVU, wakichukua damu ya kuotesha bakteria, na siku ya upasuaji wakipeleka kipande cha ukuta na lile bonge maabara. Si kwamba hawajui wanachotibu. Jibu la vipimo hivyo linaweza kubadilisha aina ya mshipa bandia watakaoweka na muda wa kunywa dawa baadaye.

Baba mdogo atauliza: CT inajuaje? Ultrasaundi ni nzuri sana kusema mshipa umetuna, lakini ni mbovu kusema umepasuka, kwa kuwa haioni vizuri huko nyuma. Ikisema "hakuna damu" isiwafariji. CT yenye dawa inayodungwa mshipani huonyesha kila tabaka. Kwa mpasuko uliozibwa tunatafuta mambo kama haya: ule mstari wa chokaa unaozunguka ukuta wa mshipa wa wazee, umekatika mahali, nyuma ya mshipa kuna bonge la damu lisilo na mpaka na msuli, na ukuta wa nyuma umepoteza uduara wake, umejilaza juu ya pingili na kufuata mabonde yake, kama shuka lililolowa maji lililotandazwa juu ya kitanda cha kamba. Mshipa mzima haulali hivyo. Picha za kwanza, kabla ya dawa kudungwa, nazo zina kazi yake, maana damu mbichi iliyoingia ukutani huonekana kama mwezi mwandamo unaong'aa, na mwezi huo ukionekana tunajua mambo yanaelekea kubaya. Hata kama figo zake hazifanyi kazi vizuri, hatuachi kupiga CT kwa hofu ya dawa ile. Figo tutahangaika nazo baadaye.

Wingi wa damu yake unaweza kuwa mzuri tu na presha ikawa 130. Mpasuko uliokaa muda mrefu ndivyo ulivyo: mtu aliumwa, akapoa, presha imetulia, damu haijapungua sana, na CT inaonyesha kilichofichika. Utulivu huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, wala haupingi majibu ya CT. Unaweza kudumu miezi, na unaweza kuisha leo alasiri akiwa anavua viatu msikitini. Sina kipimo cha kuniambia ni lini, na hakuna mwenye nacho.

Kuna mgonjwa mmoja maarufu anayefaa kumsimulia baba. Albert Einstein alikuwa na aneurizimu hii hii. Desemba 1948, mjini New York, daktari Rudolph Nissen alimfungua tumbo kwa sababu ya maumivu yaliyokuwa yakijirudia, akakuta aota imetuna kama balungi. Wakati huo hakukuwa na mshipa wa kubadilisha. Alichoweza ni kuufungia selofani, ile karatasi angavu ya kufungashia, kwa matumaini kwamba mwili ungejenga kovu gumu kuizunguka. Einstein aliishi miaka sita na zaidi. Aprili 1955 maumivu yakaja, na yalifanana na ya kifuko cha nyongo. Alipoambiwa ni mshipa na kwamba upasuaji unaweza kujaribiwa, alikataa. Alifariki Princeton tarehe 18 Aprili, akiwa na miaka 76. Alikuwa na haki ya kukataa, na upasuaji wenyewe ulikuwa mchanga: Charles Dubost wa Paris ndiye aliyekuwa ametoa aneurizimu na kuweka mshipa mwingine kwa mara ya kwanza, Machi 1951, miaka minne tu nyuma. Baba yako anakataa kitu ambacho kimefanywa kwa zaidi ya miaka 70. Akitaka kukataa, basi akatae cha leo, si cha 1955.

Dawa? Hakuna dawa inayoziba tundu la aota wala inayoirudisha ilivyokuwa. Dawa za presha aendelee nazo, lakini hizo zinapunguza tu kishindo cha mawimbi. Aspirini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi, msianze wala msiache wenyewe, waulizeni wanaomtibu. Diclofenac na ndugu zake aachane nazo, zinaumiza figo na zinaficha maumivu ambayo sasa hivi tunayahitaji kama kengele.

Chuku na kukandwa, hapana. Simdharau shangazi, nimelelewa na bibi aliyekuwa anakanda, na mgongo wa kazi unaostahili kukandwa upo. Lakini kukandamiza tumbo au kiuno cha mtu mwenye bonge linaloshikilia tundu ni kuligusa lile tusilotaka liguswe. Mwambieni shangazi kwamba mchango wake mkubwa sasa hivi ni damu yake, yeye na watoto wake, wakachangie benki ya damu kabla ya siku ya upasuaji. Hilo litamsaidia kaka yake kuliko chuku mia.

Harusi na kiwanja. Najua uzito wa maneno hayo katika familia, lakini mwezi ni mrefu mno. Kwa mgonjwa aliyetulia kama yeye hatumkimbizi chumba cha upasuaji ndani ya dakika kumi kama aliyeletwa amezimia. Tuna saa kadhaa, pengine siku moja mbili, za kufanya mambo kwa mpangilio: kupata damu, kupima moyo na mapafu, kukusanya timu iliyopumzika vizuri. Lakini saa hizo anazitumia akiwa wodini, kitanda kikiwa karibu na watu wenye uwezo wa kumkimbiza, si Mbagala. Kuhusu hela, semeni ukweli mapema. Kama ana bima, pelekeni kadi leo wakague nini kinalipiwa. Kama hana, ombeni kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa. Na asipandishwe ndege kwenda India akiwa katika hali hii. Angani hakuna damu wala daktari wa kuziba mshipa.

Tuje kwenye swali la mwisho, mapajani au tumboni.

Njia ya kufungua tumbo ni hivi. Daktari anapasua katikati ya tumbo au ubavu wa kushoto, anatafuta aota juu ya mpasuko, anaweka kibanio damu isimame, anafungua kifuko, anatoa mabonge, na anashona mshipa bandia wa kitambaa cha polista ndani yake. Kisha ukuta wa zamani unafunikwa juu ya mshipa mpya kama koti, ili utumbo usije ukausugua na kutoboka miaka ya mbele. Kwa mpasuko kuna ugumu wa ziada: damu imechafua ramani, hivyo wakati mwingine kibanio kinawekwa juu zaidi, karibu na kiwambo cha kupumulia, mpaka njia ionekane. Figo na utumbo mpana hukosa damu kwa muda, na hivyo ndivyo viungo tunavyovilinda baadaye ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, pamoja na moyo na mapafu ya mvutaji wa miaka 50.

Kuna jambo moja nataka baba alijue asije akaogopa. Atasafishwa tumbo na kufunikwa mashuka akiwa bado macho, na daktari atakuwa amesimama pembeni na kisu tayari kabla hajapewa nusukaputi. Si kwamba watamkata akiwa anasikia. Dawa ya usingizi hulegeza misuli ya tumbo, na misuli hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyolibana lile bonge. Dakika inapolegea, presha inaweza kuporomoka, na timu inataka iwe tayari.

Njia ya mapajani ilianza Buenos Aires, Septemba 1990, kwa daktari Juan Parodi. Mshipa bandia uliokunjwa ndani ya mrija unapitishwa kwenye ateri za kinena, unapandishwa kwa kuangalia eksirei mpaka ndani ya aota, na unafunguliwa ujishike kwa waya zake juu na chini ya tundu. Inaweza kufanyika kwa ganzi tu, mgonjwa anaongea. Tumbo halifunguliwi, na siku za ICU ni chache au hazipo kabisa.

Inasikika kama hakuna haja ya kuchagua. Ipo. Kwanza umbo la mshipa lenyewe linaamua: tunahitaji shingo nzima ya aota, ya milimita 10 hadi 15, kati ya mishipa ya figo na mahali inapoanza kutuna, isiyopinda sana, na ateri za kinena zisizo nyembamba au zilizojaa chokaa. CT yake inajibu hilo, mimi siwezi kwa kusoma ujumbe. Pili, kifaa chenyewe kinaagizwa nje, ni ghali, na lazima saizi yake iwepo kabatini siku hiyo. Tatu, hakuna kumaliza. Damu inaweza kuendelea kupenya pembeni ya mshipa bandia, kwa hiyo kuna vipimo maisha yake yote, na asiyeweza kurudi kila mwaka kupigwa picha asichague njia hii kwa sababu tu haina kovu. Nne, kama kuna maambukizi, kuweka kifaa ndani ya ukuta wenye bakteria ni kununua muda, si tiba.

Namba nazo. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo IMPROVE liliwagawa wagonjwa 613 waliodhaniwa kupasuka, wengine waanzie njia ya mapajani kila ilipowezekana, wengine wafunguliwe tumbo. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 35 upande mmoja na 37 upande mwingine, karibu sawa. Kwa miaka mitatu kundi la mapajani lilikuja kuwa na nafuu, na waliofanyiwa kwa ganzi walifanya vizuri kuliko waliolazwa usingizi. Namba hizo zinatisha, lakini zimebeba wengi walioletwa wakiwa wamezimia. Kwa upande wa pili, aneurizimu isiyopasuka ikifanyiwa kwa kufungua tumbo katika mikono iliyozoea, hufariki kama 3 hadi 5 katika 100. Baba yako yuko kati ya makundi hayo mawili, na leo, akiwa na presha 130 na anatembea, yuko karibu zaidi na kundi la pili. Akisubiri mpaka aanguke tena atahamia la kwanza, kama atawahi kufika. Ukiwahesabu wote wanaopasukiwa, pamoja na wasiofika hospitali, wanaofariki ni kama 8 kati ya 10.

Ukinibana niseme ningemfanyia nini baba yangu: kama shingo ya mshipa inaruhusu, hakuna dalili za maambukizi, na kifaa kipo, mapajani. Kimojawapo kikikosekana, tumbo lifunguliwe na mtu ambaye amefanya hivyo mara nyingi. Nisingengoja wiki tatu kifaa kifike. Timu iliyopo na tayari ina thamani kuliko njia nzuri isiyopatikana.

Sasa mzee mwenyewe. Ana akili zake timamu, na akishaelewa akasema hapana, hiyo ni hapana, hata mimi nitaiheshimu. Lakini sidhani ameelewa. Amesikia "mpasuko" kutoka kwa watu wenye haraka, halafu akasikia "uongo" kutoka kwa mdogo wake anayempenda. Ombeni daktari wa upasuaji akae naye mbele ya skrini ya CT, amwonyeshe kwa kidole mshipa, bonge na zile pingili. Baba mdogo awepo. Imamu wake akitaka kuwepo, awepo. Muacheni aulize mwenyewe, hata kama swali la kwanza litakuwa kama atarudi kusali amesimama. Akipona, atasali amesimama. Kwa sasa asali kitandani.

Njiani kwenda hospitali chukueni ambulensi, si bodaboda wala daladala. Bebeni CD ya picha za CT na si karatasi ya majibu peke yake, kwa sababu daktari wa upasuaji anapima mwenyewe. Akianza kuumwa ghafla mgongo, tumbo au kinena, akitoka jasho baridi, akizimia hata kwa sekunde, au paja likizidi kulegea, semeni mlangoni maneno haya kabla ya jingine lolote: aota imepasuka, CT ipo. Alazwe chali, asilishwe wala kunyweshwa. Na jambo ambalo ndugu wengi hukosana na wauguzi kwa ajili yake: msidai dripu nyingi. Presha ikishuka hadi 80 na bado anawajibu mkimwita jina, wataalamu wanaweza kuiacha hapo kwa makusudi mpaka mshipa ubanwe. Kuijaza maji irudi 120 ni kuongeza nguvu ya mawimbi dhidi ya kalafati.

Ninyi wengine, baba akishakuwa salama: ndugu zake wa kiume wote waliofika miaka 60 wapigwe ultrasaundi ya aota. Uingereza humwita kila mwanaume anapotimiza 65 kwa kipimo hicho hicho. Huku kwetu lazima uende mwenyewe. Baba mdogo wa Mbagala aanze. Na kama anavuta, nadhani anavuta, mwambieni nimeuliza.